Yule Aliyebaki Chini ya Ukuta

Harufu ya petroli ikichanganyika na karanga za kukaanga hunisimamisha njiani hadi leo. Majuzi ilinisimamisha mjini Mbarara, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko, ambako umeme ulikuwa umekatika na kila mwenye duka ametoa jenereta yake nje. Nilikuwa nimekwenda kununua nyuzi na zipu. Mama mmoja alikuwa ameketi na sinia lake la karanga mbele ya kiduka cha vijana wanaowawekea watu filamu kwenye flashi. Ndani ya kiduka kile, kutoka kwenye spika iliyopasuka, nikasikia sauti ya mtu niliyemfahamu nikiwa mtoto.

"Miye sikimbiake," ilisema ile sauti. "Miye natembea tu haraka."

Vijana waliokuwa mle ndani wakacheka kabla maneno hayajaisha, kama watu wanaoyajua kwa moyo. Mmoja wao akaniona nimesimama.

"Dada, unataka kopi? Hii ni filimu ya zamani sana, lakini kila siku watu nakuja kuuliza hii tu."

Nikamuuliza kwa nini. Akajikuna kidevu.

"Sijui. Gari mbaya, nguo mbaya, bunduki ya zamani. Lakini ile kijana nabaki chini ya ukuta... Sisi hapa tunabishana kila siku, alikufa ama hapana. Wewe unaona namna gani?"

Niliondoka na nyuzi zangu, zipu nikazisahau. Lakini ninyi mnaweza kunisikiliza bila haraka, na kwenu nitajaribu kujibu.

Tuliishi Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika nyumba ya udongo aliyoijenga baba na kuiezeka kwa turubai la plastiki. Upepo ulipovuma kutoka ziwani turubai lile lilipigapiga kama mtu anayebisha hodi na hajibiwi. Tulikuwa Wakongo wa Kivu ya Kusini, watu wa kanisa na wa jembe. Jumamosi mama alikaanga karanga, akazifunga kwenye vikaratasi alivyovisokota kama pembe za mbuzi, akanituma Misiera, kijiji jirani, nikaziuze. Sharti lilikuwa moja tu, nisikaribie banda la sinema.

"Shetani mwenyewe iko mule," aliniambia. "Na anakuwaka na mashini yake ya petroli."

Mama aliimba kwaya, na maneno yake kuhusu shetani sikuyabishia. Shida ni kwamba hakuna mahali pale Misiera karanga zilipotoka haraka kama mlangoni kwa shetani.

Banda lilikuwa la Mnyankore mmoja, mwenyeji wa nchi ile, tuliyemwita Bosi Tumwine, mtu mnene wa buti za mpira, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu na televisheni moja, na sina hakika alipenda kipi zaidi. Kuta zilikuwa za udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ni magogo ya mkaratusi yaliyopasuliwa. Wasichana hawakuingia. Hakuna aliyetukataza kwa maneno, ila hatukuingia. Mimi niliketi upande wa nje penye kivuli, sinia magotini, mgongo kwenye udongo uliokuwa umepata joto la watu waliojazana ndani, nikasikiliza. Kwa hiyo sinema ile niliisikia mara nyingi kabla ya kuiona. Baadaye kipande cha udongo kilibanduka pale nilipozoea kuegemea, nikapata tundu la kuingiza jicho moja, na kupitia tundu lile nikaiona robo ya kioo.

Filamu zilikuwa za lugha za mbali, na aliyetufasiria alikuwa Ombeni, ambaye sisi watoto tulimwita Yaya, neno letu la kaka au dada mkubwa. Alikuwa Mkongo kama sisi, mwembamba, shingo ndefu, koti la kahawia ambalo mikono yake ilimfunika mpaka vidoleni. Alifika makazini peke yake, akalala mle mle bandani, akalinda jenereta. Alisimama kando ya televisheni na maikrofoni aliyoizungushia kitambaa, akawa polisi, akawa mwanamke anayelia, akawa gari linalokata kona. Kama kweli aliijua lugha ya zile filamu, hakuna aliyemuuliza. Wazungu wake walisema "aksanti sana" na "yesu wangu," wakala ugali, wakagombana kama watu wa kwetu.

Filamu zilipita nyingi, ila moja ilirudi kila baada ya wiki chache kwa sababu watu waliidai. Jina lake silijui. Sisi tuliiita Ya Ukuta. Ilikuwa ya vijana wa mtaa mmoja katika jiji kubwa lenye mvua na moshi, waliokua pamoja bila mzazi wa kuwauliza wamelala wapi. Walianza kwa kuiba mikate. Wakaendelea mpaka wakamwibia mkubwa mmoja wa jiji mwenye watu wa bunduki, na jiji zima likawafukuza. Kuna mahali wanakimbizwa ndani ya soko la samaki. Wote wanatimua mbio, meza zinapinduka, isipokuwa yule mdogo wao kabisa, ambaye anatia mikono mifukoni na kutembea zake, na wafukuzaji wanampita bila kumtazama. Hapo ndipo Ombeni alipombandika yale maneno, "Miye sikimbiake, miye natembea tu haraka," kwa pua iliyoinuliwa kama chifu. Banda lilicheka mpaka vumbi likashuka darini.

Halafu, karibu na mwisho, ukafika ukuta. Ukuta mrefu, nyuma yake kuna treni. Wanapanda mmoja mmoja, kila mtu akikanyaga mabega ya mwenzake. Yule mdogo ameshapigwa risasi ya mguu, ndiye wa mwisho, na hakuna mabega yaliyobaki ya kukanyaga. Anawatazama walio juu, nao wanamtazama. Kisha wanaruka upande wa pili, na filamu inaondoka nao. Yeye hatumwoni tena.

Kila ilipofika hapo Ombeni alinyamaza, hata akizomewa na watu. "Tafsiri! Sauti!" vijana walipiga kelele, wakapiga mabenchi kwa viganja, naye kimya. Mimi nilidhani anakwenda kunywa maji. Wenzake yule kijana wa kwenye kioo walipofika mbali na kuanza kuzungumza, alirudi na sauti zake zote kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wakitoka nje, watu waligombana. Alikufa, hakufa. Watu wazima, wenye mashamba na wajukuu, walishikana mashati kwa ajili ya kijana wa kwenye kioo. Namkumbuka fundi seremala mmoja ambaye mkewe alipotea wakati wa kukimbia, na ambaye siku nyingine zote alikuwa mtu mpole asiyeinua sauti.

"Nani alimuona anakufa?" alipaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka. "Weye ulimuona? Weye? Kama hamukumuona, basi iko muzima!"

Mimi nilikuwa na hofu yangu ndogo. Yule kijana, alipoinua macho pale chini ya ukuta, alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye tundu langu. Nikirudi nyumbani jioni, njia ikipita kati ya mahindi, nilikuwa na hakika kuna mtu anakuja nyuma yangu. Hakimbii. Anatembea tu, na majani yanajifunga nyuma yake. Sikugeuka hata mara moja.

Nyumbani pia kulikuwa na mambo ambayo sikuyaelewa. Lori la wakimbizi wapya lilipofika Base Camp, mahali pa kupokelea wageni, mama aliacha alichoshika, hata kama ni sufuria jikoni, akajifunga kitenge na kwenda. Nilimfuata mara kadhaa. Wanawake wengine walikuwa wamejipanga pale, wakitafuta nyuso. Mama hakutafuta nyuso. Alisimama karibu na ngazi ya lori, akatazama miguu ya watu wakishuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka lori likabaki tupu. Nilidhani ana haya ya kuwatazama wageni usoni. Kisha tulirudi Kashojwa, na siku hiyo chakula kilikuwa na chumvi nyingi au hakikuwa nayo kabisa.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, tulikuwa tumeanika mahindi kwenye mkeka uani, mawingu yakaja ghafla kutoka upande wa ziwa.

"Sifa!" mama akaita. "Kimbia! Mvua inakuja!"

Mimi nilikuwa na furaha ya mtoto asiye na kazi. Nikatia mikono kwenye mifuko ambayo gauni langu halikuwa nayo, nikainua pua, nikaja polepole uani.

"Miye sikimbiake," nikasema. "Miye natembea tu haraka."

Nilisubiri acheke au anichape. Hakufanya hata moja. Alibaki ameinama na mahindi ndani ya kitenge, na mvua ikaanza, matone makubwa, mkeka ukalia kama ngoma, naye hakusogea. Mahindi yalilowa yote.

"Nani alikufundisha ile maneno?"

"Hakuna mutu, mama."

"Sifa. Nani?"

"Ni kwa banda," nikasema, tayari machozi yananitoka. "Miye sikuingia, mama, nilikaa inje. Ni Yaya Ombeni, ule mwenye kufasiria sinema."

Mama akaketi. Aliketi pale pale kwenye matope, mwanamke wa kwaya, na kitenge chake cha kanisani. Baba alipotoka shambani alitukuta hivyo, mimi nalia kwa kuogopa na mama amekaa mvuani, na mahindi ya mwezi mzima yameharibika. Alimwinua kwa makwapa, akamwingiza ndani.

Ndipo nikasikia habari ya mjomba wangu Wilondja. Nilijua tu kwamba mama alikuwa na mdogo wake, na kwamba jina lake halitajwi. Sasa alilitaja, mikono yake ikizunguka kikombe cha chai asichokunywa. Wilondja alikuwa kitinda mimba wa kwao, na alizaliwa mguu mmoja mfupi. Watoto wa kijiji walipokimbia kwenda mtoni, yeye alifika wa mwisho, pua juu, akiwaambia kwamba yeye hakimbii, anatembea tu haraka. Alianza kuyasema hayo akiwa mdogo mno, na alipofika umri wa kuchunga, kijiji kizima kilikuwa kikimtania nayo, naye akijivuna. Mama ndiye aliyemlea, kwa kuwa mama yao alikufa mapema. Mchana mmoja alimtuma mlimani na mbuzi. Watu wenye silaha walikuwa wamepita njia ile wakikusanya vijana wa kuwabebea mizigo. Jioni mbuzi akarudi peke yake, akiburuta kamba. Majirani walisema kijana ameuawa. Mama aliishika ile kamba akaona haikukatwa wala haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa fundo, taratibu, na mtu mwenye vidole.

"Mama Sifa," baba akamwambia kwa upole, "maneno ni maneno. Mutu yeyote anaweza kusema vile."

"Apana," mama akasema. "Ile ni yake."

Kesho yake hakwenda shambani. Alinishika mkono mpaka Misiera. Ombeni alikuwa mlangoni mwa banda, anafuta plagi ya jenereta kwa kitambaa, asubuhi ile jua bado halijawa kali.

"Weye njo Ombeni?"

"Njo miye, mama. Karibu. Lakini sinema inaanza saa nane."

"Sikukuja juu ya sinema. Ile maneno ya kusema hukimbiake, uliitoa fasi gani?"

Ombeni akacheka, kicheko kile anachopewa mteja. "Ah, ni ya mule mu filime, mama. Bazungu banasemaka vile."

"Mwenye kuisema alikuwaka na muguu mufupi," mama akasema. "Wa kushoto. Ni mudogo wangu."

Kile kicheko kilibaki usoni mwa Ombeni kwa muda, kimesahauliwa pale. Plagi ilianguka. Alifungua mdomo, na mtu yule ambaye angeweza kutoa sauti ya mvua, ya king'ora, ya bibi anayegombeza, hakutoa sauti yoyote. Bosi Tumwine akachungulia kutoka ndani na buti zake.

"Nini? Wewe mama, hapana leta matata kwa kijana yangu. Yeye kijana muzuri."

"Hakuna matata, Bosi," Ombeni akasema mwishowe. Kisha akamgeukia mama, akitazama chini. "Mama, nikijaribu kukuambia hapa, mudomo itakataa. Najijua. Kuja saa nane, uingie mule ndani. Nitaweka ile ya ukuta. Nitakuambia mule."

Sijui mama alijadiliana nini na Mungu wake kuanzia asubuhi ile mpaka saa nane. Ninachojua ni kwamba aliingia. Vijana wa benchi la mbele walitazamana, na Bosi Tumwine akawafukuza kama ndama ili tupate nafasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita mlango ule. Ndani kulikuwa na giza la mchana, joto, harufu ya jasho na petroli na viatu vilivyolowa. Kioo nilichokuwa nimekiona kwa robo kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri.

Bunduki zilipolia mama alishtuka. Watu walipobusiana alinifunika macho, kisha nahisi alijifunika na yeye. Soko la samaki lilipofika, Ombeni alisema yale maneno bila kututazama, banda likacheka, na vidole vya mama vikaingia kwenye mkono wangu hadi nikaumia.

Ukuta ukafika. Wakapanda mmoja mmoja. Kijana akabaki chini, akainua macho. Kimya.

"Sauti!" mtu akaanza nyuma. "Tafsiri, we!"

Na Ombeni akasema. Haikuwa sauti yoyote kati ya zile tulizomjua nazo. Ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, sauti ya mtoto aliyeanza kubalehe. Nilisikia pumzi ya mama inakatika kando yangu, nikajua hiyo ni sauti ya nani.

"Wende, Ombeni. Kanyaga mabega yangu, panda. Usiniangalie vile, miye nitapata njia. Muguu haiumi sana. Ukifika fasi kuko batu betu, ukikuta yaya wangu, umuambie ile mbuzi bale benye bunduki balitaka kuikula. Nikaifungulia kamba, nikaipiga fimbo, ikaenda. Umuulize kama ilifika ku nyumba."

Mama akasimama.

"Ilifika!" alipaza sauti akikitazama kioo. "Ilifika, Wilondja! Ilifika, mudogo wangu, ilifika!"

Banda zima lilishangilia. Mnajua watu wa banda la sinema: wanamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, wanamtukana mwizi. Walidhani ni mama mgeni wa sinema aliyenaswa na hadithi. Wakapiga makofi, wakapiga mabenchi. "Leo umetafsiri, Ombeni!" walimwambia. "Leo ndiyo umetafsiri!" Ombeni aliweka maikrofoni chini na kutoka nje, na sehemu iliyobaki ya filamu watu waliitazama katika lugha yake yenyewe.

Tulimkuta nyuma ya banda, amechuchumaa karibu na jenereta. Kwa kelele za ile mashine ilibidi mama ainame sana ili asikie. Alieleza kwa maneno machache. Walibebeshwa mizigo pamoja, yeye na Wilondja, kutoka vijiji tofauti, kwa muda mrefu hata wakawa kama wametoka tumbo moja. Mchana mmoja wakalazwa kwenye uwanja wa shule iliyoachwa, wakubwa wao wakasinzia, wakaamua kutoroka na wenzao wengine. Palikuwa na ukuta wa matofali. Wilondja akasema yeye atawainua wengine kwa kuwa mabega yake yana nguvu kuliko miguu. Ombeni alikuwa wa mwisho kupanda.

"Ulisikia bunduki?" mama akauliza.

"Nilisikia, mama. Moja tu."

"Ulimuona?"

"Apana. Sikugeuka."

Nilikuwa nimemshika mama kitenge na nilimwona anatazama viatu vya Ombeni, kandambili za rangi mbili tofauti. Nadhani alimtazama hivyo kwa sababu alikuwa amezoea kutafuta majibu huko chini.

"Ile siku ya kwanza balileta ile filime," Ombeni akasema, "niliona ule ukuta nikatoka inje nikatapika. Bosi alisema niko na malaria. Kisha nikafikiri, hapa kila mutu atamujua, hata kama habajui jina yake. Batu bataniambia kama alikufa ao hakufa. Kila siku nasikilizaka vile banabishana. Nasikilizaka wale benye kusema iko muzima."

Niliwaahidi kujibu swali la kijana wa Mbarara. Nilipohamia mjini, rafiki yangu wa mtaa wa Kamukuzi aliniwekea filamu hiyo hiyo bila Ombeni, na maandishi yakipita chini. Nilitazama nikiwa nimekaa kwenye kochi, mtu mzima. Ni filamu ya kawaida. Wale vijana ni wabaya kuliko nilivyowajua, kumbe wana mama zao, wanawadanganya, na wanawauzia watoto dawa za kulevya. Pale sokoni yule mdogo hasemi chochote, anapiga tu mluzi. Na pale chini ya ukuta hakuna neno lililoandikwa, kuna mvua tu. Kumbe miaka yote ile Ombeni alipokuwa akinyamaza, alikuwa anafasiri sawasawa. Mtu aliyeitengeneza, sijui nchi gani, aliacha mahali patupu pale, pengine kwa sababu hakujua aweke nini, na sisi wa Misiera tukapata pa kuwaweka watu wetu. Ndiyo maana magari mabaya na nguo mbaya haziwachukizi watazamaji. Kijana wa duka la flashi sijui ana nani chini ya ukuta wake. Sikumuuliza, ila kwa jinsi alivyoniuliza mimi, nahisi yupo.

Lakini kinachonirudia zaidi si filamu. Ni siku za matanga.

Mama aliamua kumlilia mdogo wake. Baba alimwita mchungaji, majirani wakaleta kuni na unga, wanawake wa kwaya wakaja na mikeka. Hapakuwa na mwili wala kaburi, na baadhi ya watu walinong'ona kwamba si sawa kumlilia mtu ambaye pengine yuko mahali anakula. Mama aliwasikia na akaendelea kupanga vikombe. Baada ya hapo malori yalifika Base Camp mara nyingi, naye hakwenda tena.

Ombeni alikuja siku ya kwanza mchana, akasimama nje ya ua na koti lake, hathubutu kuvuka. Watu walikuwa wameshaambiwa yeye ni nani. Mama alitoka, akamtazama kwa muda ambao kwangu mtoto ulikuwa mrefu mno.

"Ingia," akasema. "Fasi iko."

Alimketisha kwenye mkeka wa ndugu wa marehemu, akamletea chai na muhogo kwa mkono wake. Hakumkumbatia. Hakumwambia amemsamehe, na miaka mingi baadaye nilipomuuliza kama alimsamehe, alinikatiza. "Kumusamehe nini? Miye nilikuwa natafuta mutu mwingine mwenye alimujua." Lakini siku ile hawakuzungumza zaidi. Ombeni alikula muhogo wote, akanywa chai, na kisha, katikati ya wimbo, mbele ya mchungaji na wazee, akajilaza ubavu kwenye mkeka na kulala usingizi. Alilala mdomo wazi, mate yanamtoka, anakoroma kidogo. Niliona aibu kwa niaba yake. Mtu mzima, niliwaza, mtu mwenye koti na kazi, analala matangani. Nilikwenda kumtikisa bega.

Ombeni aliondoka Nakivale muda mfupi baadaye, kwanza Kampala, ambako walimrekodi akifasiri filamu zake, halafu nasikia ng'ambo, na sauti yake ndiyo iliyobaki huku ikitembea kwenye flashi. Mimi sasa nafundisha ushonaji, na wanafunzi wangu wengi wana umri aliokuwa nao siku ile ya mkeka, miaka kumi na tisa hivi, ishirini. Wanasinzia juu ya cherehani saa nane mchana, wanasahau kunyoa, wanaulizana kwa siri jinsi ya kupika maharage. Nikiwatazama, napiga hesabu ya kurudi nyuma, na kila mara inanipeleka pale pale: siku aliyokanyaga yale mabega, miaka mitano au sita kabla ya matanga, Ombeni hakuwa amefika hata kumi na tano.

Hilo mimi sikuliona. Mama aliliona. Alinikamata mkono kabla sijamwamsha, akavua kitenge cha begani, akamfunika nacho mpaka kwenye zile kandambili, akawaashiria wanawake waimbe kwa sauti ya chini.